Kidonda cha Mwisho

Tangu sheria ikataze mguu wa mtu kukanyaga visiwa vidogo, Raya alikiona kisiwa chao kazini tu, kwenye picha za setilaiti. Kila palipokosa miti, mtambo uliandika: kidonda.

Kidonda cha mwisho kilikuwa ua wa nyumba alimozaliwa. Asubuhi ile mtambo ukaandika: kimepona. Wenzake wakapiga makofi, naye akapiga.

Jioni mama yake, Bi Time, aliyekwishapoteza nuru ya macho, akauliza kama kawaida yake, "Uani kwetu kunaonekana?"

"Kunaonekana, mama."

"Kumefagiliwa?"

"Kumefagiliwa, mama. Kunang'aa."

Bi Time akauliza taratibu, "Kumefagiliwa na nani, mwanangu?"