Plasta Ndani ya Udongo

Binti yangu, fundi mwashi, aligusa skrini ya kompyuta yangu kwa kidole chenye saruji kavu ukuchani.

“Mama, nani anapiga plasta mpaka ndani ya udongo? Unawajengea mchwa?”

Nilikuwa na dakika ishirini tu za kuituma kazi. Mhandisi alikuwa amenirudishia mara mbili ramani ya zahanati niliyoichora. Leo akiikataa tena, kazi anapewa mwingine.

Nikatazama. Kweli, ukuta wangu ulishuka wote pamoja, plasta na matofali, hadi kwenye zege la msingi.

“Kompyuta ndivyo inavyouchora,” nikasema.

“Basi iambie. Huko chini yanashuka matofali tu.”

Nikafungua tabaka za ukuta. Kando ya plasta palikuwa na alama ya kufuli ambayo sikuwahi kuigusa. Nikaibonyeza ifunguke, nikavuta ukingo wa plasta juu. Plasta ikapanda peke yake, ikakoma juu ya ardhi. Matofali yakabaki yamekalia zege. Nikacheka mpaka kiti kikapiga kelele.

Nikaituma ramani, nikampigia mhandisi papo hapo aifungue.

Akaifungua. “Naona ukuta umepata akili.”

“Hizo akili nimezizaa mwenyewe,” nikamwambia.