Joto la Silinda ya Tatu

Yuster, fundi wa ndege, alikuwa amebadilishanisha vihisi viwili vya joto vya injini: cha silinda ya tatu amekifunga kwenye ya pili, na cha ya pili kwenye ya tatu. Kama kihisi ndicho kilichodanganya asubuhi kwamba silinda ya tatu inachemka, safari hii joto lingehamia kwenye ya pili.

"Washa," alimwambia rubani.

Injini ikanguruma kwenye uwanja wa Masasi. Pembeni, chini ya mikorosho, mama aliyevunjika nyonga alikuwa amelala ndani ya gari la wagonjwa akisubiri kupelekwa Dar es Salaam.

Sindano ya kipimo cha joto cha silinda ya tatu ikapanda vilevile.

"Basi ni kweli inachemka," rubani akasema, akazima. "Lakini kwa nini hiyo moja tu?"

Hata Yuster alitaka kujua. Injini ilipopoa, akafungua bati linaloelekeza upepo, akamulika mapezi ya kupozea silinda. Katikati yake palijaa udongo mwekundu, umefinyangwa vizuri kama chungu kidogo. Akauchokoa kwa waya. Ukavunjika, na buibui aliyekauka akaangukia kiganjani mwake.

"Nyigu!" akacheka. "Wamejenga humu, na buibui ndiye chakula cha watoto wao. Upepo utapita wapi?"

Alisafisha mpaka mwanga wa tochi ukapenya upande wa pili. Akarudisha bati, kisha akapanda ndege.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Tuzunguke hadi Newala kwanza. Nataka kuiona hiyo sindano mwenyewe."

Juu ya uwanda wa Makonde, sindano ilipanda, ikakaribia pale ilipowatisha asubuhi. Ikasita. Ikaanza kushuka.

"Geuza," Yuster alisema. "Tukamchukue mama."