Boti ya Mbaraka

Mbaraka alipokataa kuitoa boti yake, jeshi la maji liliichukua hivyo hivyo, likamchukua na yeye aiendeshe. Wakaipaka rangi ya kijivu na kufunga bunduki kubwa mbele, pale abiria wake walipokuwa wakipenda kukaa.

Asubuhi moja walikuwa wakilinda mlango wa bahari, ambao raia walikatazwa kuuvuka, mara wakaona mtumbwi. Mbaraka akamtambua dada yake, Rukiya, akipiga kasia, wanawe wamejikunyata mbele yake.

“Waambie warudi,” luteni aliyewaongoza alisema. “Wakisogea, tunapiga.”

Mbaraka akapaza sauti. “Rudini! Rudini mlikotoka!”

Lakini Rukiya alikuwa keshaijua boti, na sasa akaijua sauti. Uso ukamchangamka. “Kaka! Nilijua utakuja kutuchukua!” Akazidi kupiga kasia.

“Kaka?” luteni aliuliza polepole.

Mbaraka akazima injini, akauacha usukani, akaenda kusimama mbele ya mdomo wa bunduki. Nyuma yake akasikia askari akiikoki. Mbele yake Rukiya akarusha kamba, na mkono wa Mbaraka ukaidaka kabla hajaamua lolote.