Waya Chini ya Shuka

"Hivi kweli kuna mashine inayojua mgonjwa atazidiwa kabla hajazidiwa?" jirani aliwahi kuniuliza. Nikamjibu ipo, na mwanangu aliyepasuliwa tumbo kafungiwa hiyo hiyo.

Mchana ule taa ya mashine ilikuwa ya kijani. Nesi akaitupia jicho akipita, akacheka. "Mama, punguza wasiwasi. Mwanao ana moyo wa bondia."

Nikamshukuru Mola. Lakini midomo ya mwanangu ilikuwa na rangi ya majivu.

Nikaupapasa waya chini ya shuka. Haukuishia kidoleni kwake. Ulivuka kitanda hadi kwa mkewe aliyekaa upande wa pili, na kibanio cha mashine kilikuwa kimebana kidole chake chenye pete ya ndoa.

"Ilikuwa inapiga kelele tu, mama," alinong'ona. "Nikataka mwenzangu apate usingizi."

"Tangu lini?"

"Asubuhi."

Nikakichomoa, nikakibana kidoleni kwa mwanangu. Mashine ikatafuta, ikatafuta, kisha ikaanza kulia. Nesi akaja mbio, akamtafuta mwanangu mapigo shingoni, akamwachia taratibu, akaizima mashine.

Mkwe wangu akajifunga vizuri khanga yake, akatoka.