Kitanda cha Thelathini na Moja

"Msiliguse," Fundi Mkuu alisema, ingawa hakuna aliyenyoosha mkono. Akapiga goti mbele ya sanduku la vifaa, akalinusa.

Binti wa marehemu aliegemea mlango wa karakana, akamtazama. Mtu mzima na ndevu zake, ananusa mbao mbele za watu! Hilo jina la Fundi Mkuu alijipa mwenyewe, mwaka alioacha kushika msumeno na kuanza kuvaa mashati meupe. Tangu hapo kazi yake ni kuzunguka karakana za wenzake akiguna.

Lakini sanduku lilistahili kupigiwa magoti, hilo hata binti alilikubali. Kwa nje lilikuwa jeusi, limechubuka, ungedhani la kuwekea makaa. Ukiinua kifuniko ndipo unaposhika mdomo. Mbao nyekundu na nyeupe zimepachikwa kama mkeka uliosukwa, pembe zimeumana meno kwa meno bila msumari hata mmoja, na droo zinateleza kwa kusukumwa na kidole kimoja. Mafundi wanne walilirithishana kabla halijamfikia baba yake. Kila kifaa kimechongewa kitanda chenye umbo lake, hata ukifumba macho mkono unajua pa kukilaza.

Leo vitanda vyote thelathini na moja vilikuwa tupu. Mama alikuwa amevitoa vifaa na kuvifungia chumbani. Wosia wa marehemu ulikuwa mfupi: wanagenzi wangu wawili waitwe, kila mmoja kwa wakati wake, wataje kinacholala katika kila kitanda, kisha mama aamue sanduku ni la nani.

Wa kwanza ni huyu Fundi Mkuu, wa pili ni mume wa binti. Mume alikuja asubuhi, akataja thelathini bila kusita. Kwenye cha mwisho, kijitanda kifupi cha pembeni, alikaa weee, akatikisa kichwa.

"Hiki sikijui, mama," alisema, akavaa viatu vyake akaondoka.

Binti alitamani kumfinya. Si angebahatisha tu! Miaka ishirini mumewe anaunga viti vya watu chini ya turubai, kwa sababu asubuhi moja baba alimwita mwizi na kumfukuza, kisa ndiye aliyefunga karakana jana yake. Hakusema hata kimeibiwa nini. Binti alimfuata hukohuko kwenye turubai, wakaoana, na baba hakukanyaga kwao mpaka anaingia kaburini. Sanduku hili lingemrudishia mumewe jina lake.

"Yule mwizi amekwishapita?" Fundi Mkuu aliuliza bila kugeuza shingo.

"Mume wangu amepita," binti alijibu.

"Pole, dada. Ndoa ni bahati nasibu."

Akaanza kutaja. Patasi ya nusu inchi. Keekee ya mkono. Msumeno wa mgongo wa shaba. Kila kifaa alikipambia hadithi, na kila hadithi ilimhusu yeye: hiki marehemu alinikabidhi mimi kwanza, hiki mwenzangu alikuwa hajui hata kukishika. Katikati alipumzika kuwasema mafundi wa siku hizi.

"Gundi na misumari, basi. Ukitaka kukalia viti vyao, usali kwanza."

Debe tupu haliachi kuvuma, binti aliwaza. Kilichomuuma ni kwamba debe hili halikuwa tupu. Hakukosea hata kimoja.

"Kimebaki kimoja," mama alisema, akasogeza kigoda chake karibu.

Mbao ya kijitanda kile ilikuwa changa kuliko ya vingine, rangi yake bado haijaiva. Fundi Mkuu alikipapasa kwa kidole gumba, akachekea puani.

"Mlidhani nitakwama hapa? Randa ndogo ya mpingo, haizidi kiganja. Kwenye kisigino ina nyota ya shaba."

"Nyota ya pembe ngapi?"

"Sita. Tena ule wembe wake, mama, we acha tu! Inavuta kushoto kidogo usipoijulia. Ukishaijulia, hakuna mbao ya kukubishia."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole. "Sita. Ndivyo marehemu alivyonieleza."

Basi yamekwisha. Binti alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, akamkasirikia na mumewe kwa ukweli wake usio na faida, akageuza uso ili machozi yasimpe mgeni raha.

Fundi Mkuu alisimama, akapangusa magoti ya suruali yake. "Nitatuma watu walichukue. Na shemeji yetu mwambieni, fundi asiyejua vifaa vya mwalimu wake akaunge mabanda ya kuku."

Mama akashusha kifuniko, kisha akakaa juu ya sanduku.

"Mwanangu," alimwambia binti, "nenda kamwite mumeo. Mwambie aje na mkokoteni."

"Lakini mama, kile cha mwisho si alishindwa kukitaja!"

"Alishindwa, ndiyo." Mama hakumtazama binti yake. Alikuwa akimtazama Fundi Mkuu, usoni. "Randa hiyo baba yako aliimaliza jioni bila kumwonyesha mtu, akailaza humu, na kulipokucha haikuwepo. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona."