Bakuli la Maji Sakafuni

Bakuli lilikaa katikati ya sakafu, maji yamejaa hadi ukingoni. Tharsisi alijibanza nyuma ya mlango wa bati, panga mkononi, akilitazama.

Miaka ishirini na sita ya kusaga mahindi ilikuwa imemla masikio yote mawili. Hakulalamika. Sakafu ya jengo la mashine, zege nene alilolimwaga mwenyewe mpaka barazani, ilimwambia kila kitu. Nyundo moja ya kusagia ndani ya mashine ikilika kuliko nyingine, maji yalitetemeka vibaya, naye akazima injini mapema. Watu nao aliwasoma hivyo hivyo. Mdogo wake Nestori, mwembamba kama fito, alipita na maji yasijue. Mkewe Maximilla hugonga sakafu mara tatu kabla ya kuingia, asije akamshtua. Na lile jitu Niyibizi, kilo mia na ushee, huyamwaga maji.

Jana Niyibizi alikuja kukidai kiwanja cha mashine, anachosema ni chake, kwa mara ya mwisho. Alimkata Nestori vidole viwili, akavitupa kwenye pumba. Kisha akamsimamia Tharsisi, akatamka polepole ili midomo isomeke: "Kesho saa nne narudi. Yeyote wa nyumba hii nitakayemkuta, namchinja."

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Na daraja la kwenda Kibondo lilikuwa limechukuliwa na mvua. Polisi wasingefika kabla ya jioni.

Asubuhi Tharsisi aliwatoa mkewe na mdogo wake kwa njia ya mashambani, waende Kitahana kwa mjomba.

"Twende sote, Baba Irakoze," Maximilla alisema, akimshika uso ili amwangalie. "Mashine ni chuma tu."

"Nikiondoka leo, sirudi tena hapa. Nenda, Mama Irakoze. Nestori, usimwache hata hatua moja."

"Simwachi, kaka," Nestori alijibu, mkono umefungwa kitenge. "Akiumia kwenye tope, nitambeba mgongoni."

Saa nne kasorobo maji yakatetemeka.

Duara moja. Yakatulia. Duara jingine. Tharsisi alivua kandambili, akaukanyaga ule mtikisiko kwa nyayo tupu. Miguu miwili, mtu mmoja tu. Mzito, mzito kwelikweli. Alipiga hatua, akasimama, akapiga nyingine, mwendo wa mtu anayenyatia. Hakugonga mara tatu. Maji yakapanda ukingoni, yakamwagika.

Tharsisi hakuwahi kumwinulia mtu hata fimbo. Lakini alivikumbuka vile vidole kwenye pumba, akaliinua panga.

Mlango ukasukumwa. Akafumba macho, akashusha panga kwa nguvu zake zote. Likazama. Akalichomoa, akalishusha tena. Damu ya moto ikamrukia usoni na mdomoni.

Sakafu ikampa kishindo cha mwili ulioanguka.

Kisha ikampa cha pili.

Alibaki amesimama, macho bado ameyafumba, akihesabu upya ile miguu. Ilikuwa miwili. Alikuwa na hakika ilikuwa miwili.

Chini ya nyayo zake, kiganja kikagonga zege, taratibu: mara moja, mara mbili, mara tatu.