Asubuhi ya Kumi

Asubuhi ya kumi, seli za ini zisizo na saratani zilikuwa zimebanduka, zinaelea kwenye kisahani cha maabara kama pumba majini. Kwa siku tisa, dawa niliyoichuja kutoka kwenye majani ya Shangazi Eudosia, mganga wa mitishamba, ilikuwa imeua seli za saratani tu.

"Kunywa siku tisa, pumzika tisa," alikuwa amenionya siku aliponipa majani hayo.

"Hiyo ni hesabu ya sala, Shangazi, si ya dawa," nilimcheka.

Sasa nikampigia simu baba kule Medellín, niliyekuwa nimemtumia dawa hiyo kwa saratani yake kabla hata ya kuanza jaribio hili.

"Baba, umekunywa dawa siku ngapi?"

"Arobaini leo, mwanangu. Sijaruka hata moja, kama ulivyoniapisha. Ila mama yako ananitania, eti macho yangu yameiva manjano kama ndizi."